Kitunguu swaumu cha chupa: nimekipikia sherehe, nimekipikia nyumbani, maoni yangu haya hapa

Hii chupa nilikutana nayo kwenye supamaketi moja hapa Arusha, imepangwa pembeni ya nyanya za kopo, kitunguu swaumu kimeshamenywa kimeshasagwa, gramu 300 kwa shilingi 6,500. Jina la kampuni silitaji, kwanza kwa sababu ninayoyasema hapa yanazihusu karibia zote za aina hii, pili wengi wanaotengeneza ni wajasiriamali wadogo wanajitafutia na sina haja ya kumharibia mtu biashara. Mimi nafundisha kemia sekondari, na wikendi tuna kikundi chetu cha mapishi, tunapika sendofu, kipaimara, ubarikio, hata misiba, kwa hiyo swaumu kwetu sio ya kuweka punje mbili tatu, inaingia jikoni kwa kilo. Aliyewahi kukaa usiku wa kuamkia sherehe anamenya swaumu anajua vidole vinavyowaka, na ile harufu unayoingia nayo kanisani asubuhi watu wanakusogelea kwa adabu tu. Ndo maana niliichukua kwa matumaini kweli kweli.

Tuanze na chupa yenyewe. Mfuniko umekaza vizuri, chini yake kuna karatasi ya fedha imeziba mdomo, hapo nawapongeza. Ndani rangi ni ya maziwa yenye unjano kwa mbali, imesagwa wastani, sio uji, chengachenga bado unaziona, na juu kuna mafuta ya alizeti kidogo yamepanda. Lebo inasema kitunguu swaumu asilimia 70, maji, mafuta, chumvi, asidi ya sitriki. Kuinusa, harufu ipo ila ni ya swaumu iliyokwishaonja moto, na kuna uchachu unaokuja nyuma yake. Nikachota kidogo kwenye kijiko cha chai nikaweka ulimini. Swaumu ya Mbulu ukiitafuna mbichi inakupa kama sekunde mbili tatu za amani halafu inaanza, inachoma ncha ya ulimi, inapanda puani, unatafuta maji na maji yenyewe hayasaidii. Hii ya chupa nimepata chumvi, nimepata uchachu, utamu kidogo, basi. Nimesubiri ule moto wee, haukuja.

Kwenye chakula matokeo yanategemea unapika nini na hapa ndo watu wanagombana bure, mmoja anasema nzuri mwingine anasema takataka kumbe mmoja kaweka kwenye pilau na mwingine kaweka kwenye kachumbari. Pilau ilitoka safi tu, wageni wamekula wameomba ukoko, hakuna aliyeuliza swaumu imetoka wapi, maana pale inakaangwa na vitunguu mpaka vinakuwa rangi ya kahawa, bizari inatawala, ukali wowote ungeondoka hata kama ungetwanga mwenyewe. Mbuzi wa kulaza na viungo usiku kucha pia sawa, tena ule uchachu na chumvi vinasaidia, mishkaki yake nimeipenda. Ila sosi ya mtindi ya kuchovyea nyama choma ilikuwa aibu, nimeweka vijiko vitatu vikubwa bado inaonja mtindi wenye chumvi. Na mchicha wa kugeuza dakika mbili jikoni ndo kabisa, ile harufu inayotoka sufuriani jirani akaita "leo mnapika nini" haikutokea.

Sasa kwanini, na hapa mniwie radhi naingia darasani kidogo maana bila hii habari utalaumu kampuni kwa kitu ambacho sio kosa lao.

Punje ya swaumu ikiwa nzima haina harufu ya maana, ichukue uinuse utaniambia. Ndani yake kuna kitu kinaitwa aliini, hakinuki, na sehemu nyingine ya punje hiyohiyo kuna kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kubadilisha kemikali moja kuwa nyingine) kinaitwa aliinezi, vimetengwa kila kimoja na chumba chake kama wachumba wa zamani waliokatazwa kuonana mpaka siku ya ndoa. Ukishusha mchi ukuta unavunjika wanakutana, na ndani ya dakika moja hivi imeshatengenezwa alisini, hiyo ndo inayochoma na ndo harufu ya swaumu iliyotwangwa. Alisini katikati ina salfa mbili, na kila upande salfa imeshika kikundi kinaitwa alili. Alili ni kaboni tatu zimepanga mstari na haidrojeni tano, kule mwishoni kaboni mbili zimeshikana kwa dabo bondi, yaani kwa mikono miwili badala ya mmoja, ubaoni tunaandika CH2=CH–CH2–, ni haidrokaboni ambayo haijashiba, ingeweza kubeba haidrojeni mbili zaidi ila haina. Na tabia yake moja ndo inahusu hii chupa: ile kaboni iliyokaa jirani na dabo bondi huachia kirahisi kitu ilichokishika. Kwa hiyo alisini haina subira, ikishazaliwa tu inaanza kuvunjika na kujipanga upya kuwa vitu vingine vyenye alili hiyohiyo lakini vimepoa, vina harufu ya swaumu iliyopikwa, vinanukia vizuri tu ila havichomi.

Hii habari watu waliihangaikia muda mrefu. Theodor Wertheim, mkemia wa Austria, mwaka 1844 alipitisha swaumu kwenye mvuke akakusanya mafuta yake, na jina la alili limeanzia kwenye kazi ile. Lakini aliyoyapata ni yale yaliyobaki baada ya moto. Alisini yenyewe ilikuja kukamatwa Marekani mwaka 1944, miaka 100 baadaye, na Chester Cavallito na John Bailey, wao hawakutumia mvuke, walitumia alkoholi bila kuchemsha, ndo wakaikuta nzima. Ukiangalia vizuri chupa yangu ya 6,500 ndo ya Wertheim, na kinu cha mama yangu ndo cha Cavallito.

Maana fikiria safari ya hiyo swaumu. Imesagwa kiwandani, alisini imezaliwa palepale kwenye mashine mbele ya wafanyakazi wenye barakoa, imepashwa moto ili vijidudu vife, kimeng'enya nacho kimekufa kwenye huo moto, halafu ikatiwa asidi ambayo aliinezi haiwezi kufanya nayo kazi hata kama ingepona. Baada ya hapo imekaa stoo, imekaa kwenye gari, imekaa shelfu. Ile iliyozaliwa siku ya kwanza imeshavunjika na mpya haiwezi kuzaliwa kwa sababu fundi wake hayupo. Hapo hata ukikoroga nusu saa hamna kitu.

Kuna mtu atasema si wangeacha tu hiyo asidi. Hapana, hapo nasimama na watengenezaji. Swaumu inatoka ardhini na inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulini, na wale wanapenda mahali pasipo hewa, pasipo uchachu, pasipo baridi, sasa swaumu iliyozama kwenye mafuta mezani ndo mahali penyewe. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliumwa baada ya kula mgahawani swaumu iliyokatwakatwa ikawekwa kwenye mafuta bila kukaa kwenye friji. Sumu yenyewe haina harufu haina rangi, inalegeza misuli mpaka ya kupumua. Kwa hiyo lebo ikiandika asidi ya sitriki mimi nashukuru, na naogopa zaidi zile chupa za maji ya kunywa zilizojazwa swaumu na mafuta ya kula zinazouzwa bila lebo yoyote eti "asilia haina kemikali". Kama unatengeneza ya nyumbani ya mafuta, weka frijini na uimalize ndani ya siku chache, au igandishe kwenye friza vipande vipande, usiiache kabatini mwezi mzima.

Malalamiko yangu makubwa sasa yako kwa duka. Shelfu lao liko dirishani, jua la mchana linapiga chupa moja kwa moja, na nilipogeuza chupa tarehe ya kutengenezwa ilikuwa imefutika nusu, nikamuuliza kijana wa pale akaniambia "madam hiyo haiozi hiyo". Ukiiweka bidhaa juani miezi unaongeza kasi ya kila kitu nilichokieleza hapo juu. Na hakuna aliyekuambia ukifungua uiweke frijini, lebo inasema ila kwa herufi za kutafuta na miwani.

Alafu kuna hii ya rangi. Mwenzangu kwenye kikundi alichanganya swaumu mbichi na siki kwa ajili ya achari, kesho yake ikawa na kijani kile cha bluu bluu, akataka kumwaga yote. Jamani hiyo sio kuoza. Ni vile vitu vya salfa vinakutana na asidi za amino penye uchachu vinatengeneza rangi, unaweza kula bila wasiwasi. Hata hizi za chupa wakati mwingine zinageuka kijani kidogo na watu wanarudisha dukani wanagomba na muuzaji bure.

Kitu kilichonishangaza kwenye majaribio yangu ni unga wa swaumu, ule mkavu wa kwenye kopo dogo. Nilikuwa naudharau. Ila ule uliokaushwa taratibu bila moto mkali bado una aliini yake na kimeng'enya chake kimelala tu, kinasubiri maji. Sasa wengi tunaumwaga moja kwa moja kwenye sufuria la moto au kwenye limao, tunakiua kabla hakijaamka. Chukua kijiko, weka maji baridi kiasi cha kulowa, acha dakika 10, halafu nusa. Nilioununua mimi uliamka vizuri tu na kwenye sosi ya mtindi uliipiga ile chupa mbali sana, na unakaa muda mrefu. Sio kila kopo litakuwa hivyo, mengine yamekaushwa kwa moto mpaka yamekufa, lakini kipimo ni hichohicho, lowesha unuse.

Kulinganisha na sokoni. Nilienda soko la Kilombero hapahapa Arusha kwa mama ninayenunua kwake siku zote, ana swaumu za aina mbili, zile kubwa nyeupe zinazotoka China (na China ndo wanalima karibu robo tatu ya swaumu ya dunia kwa hiyo usishangae kuzikuta kila mahali), na za Mbulu, vipunje vidogo, ganda lina zambarau, kumenya ni mateso lakini ukali wake ni wa kwao wenyewe. Nikamsalimia shikamoo mama, marahaba mwalimu, akaniuliza nasikia siku hizi unapikia ya chupa.

"Nimeipa mtihani tu mama."

"Imepata ngapi?"

"C."

Akacheka akasema, "C ndo wale wanaofaulu kwa bahati," kisha akaniita pembeni kunionyesha mabinti wake wanavyomenya. Hii huduma ndo nataka muijue. Wanachambua punje, wanaloweka maji ya kawaida, baada ya muda ganda linalegea wanalitoa kwa kidole gumba bila kisu, punje inatoka nzima haina mchubuko, wanakufungia kwenye mfuko na unalipia juu kidogo ya bei ya swaumu. Punje nzima maana yake kule ndani vyumba havijavunjika, ukali wote bado unakusubiri wewe na kinu chako. Angalia tu asiwe ni mmenyaji wa haraka anayemwagia maji ya moto, wapo, wanaharakisha, na yale maji ya moto yanapika kimeng'enya cha juujuu, unapata swaumu nzuri ya macho. Ukiibonyeza ikawa imelainika na haina mlio ukiikata, hiyo imeungua. Pia kuna jamaa wa mashine anasaga swaumu na tangawizi hapohapo, haraka sana, ila ukifika nyumbani saa mbili baadaye uwe unajua umeshaanza kupoteza, yeye mwambie asage ukiwa unaelekea jikoni sio ukiwa unaelekea saluni.

Na kwa sababu watu huniuliza, mbona vitunguu maji vya Mang'ola vinatutoa machozi na swaumu haitutoi, wakati zote ni ndugu? Jibu ni dabo bondi hiyohiyo imehama nafasi moja. Kwenye kitunguu maji zile kaboni tatu na haidrojeni tano zipo vilevile, lakini dabo bondi imekaa upande wa salfa badala ya kule mwishoni, kinaitwa propenili, na hicho kikivunjwa kinapitia mkono wa kimeng'enya kingine kinachotengeneza gesi ya machozi, Wajapani walikigundua mwaka 2002. Atomi ni zilezile, idadi ileile, dabo bondi imehama tu, mmoja anakuliza mwingine anakuchoma ulimi. Huwa natumia mfano huu darasani, nabeba kitunguu kimoja na punje moja, hakuna kipindi wanafunzi wanaamka kama hicho.

Basi ukishatwanga mwenyewe, mambo mawili tu. Moja, iache kwenye bakuli kama dakika 10 kabla ya kuitupa kwenye mafuta ya moto, kazi iishe kabla kimeng'enya hakijaungua. Mbili, limao lije baadaye, ukitwangia ndani ya limao unapata swaumu mpole, ambayo kwa kweli kwenye sosi ya watoto ni jambo jema, mimi naifanya makusudi.

Kuna faida moja ya chupa lazima niiseme, harufu ya mdomo kesho yake ilikuwa ndogo. Kile kinachonuka kesho yake sio mabaki ya kwenye meno, kuna kitu chenye alili na salfa kinaingia kwenye damu, mwili unachelewa kukivunja, kinatoka kwenye mapafu kila ukipumua, ndo maana unapiga mswaki mara tatu na bado dereva wa bodaboda anajua ulikula nini. Maziwa yanasaidia, hasa ukinywa pamoja na chakula na yawe na mafuta yake, kwa hiyo mtindi kwenye nyama choma sio mapambo. Kama una usaili Jumatatu, Jumapili pikia ya chupa.

Hela sasa. Asilimia 70 ya gramu 300 ni gramu 210 za swaumu, kwa 6,500 ni kama 31,000 kwa kilo ya swaumu yenyewe, na hata msimu swaumu ikipanda vibaya sijawahi kufika hapo sokoni, hata nikiongeza hela ya mabinti wa kumenya na bajaji ya kurudi Sakina na mzigo. Kwa mapishi ya watu 200 hiyo tofauti ni jiko zima la gesi. Kwa mtu anayekaa peke yake Njiro, anatoka kazini saa moja usiku, anapika maharage na wali, sioni kwanini ateseke na kinu, achukue tu.

Nyota tatu kati ya tano, nyota ya nne ningewapa wakirekebisha maandishi ya lebo na wakitoa chupa ndogo ya gramu 100, maana 300 kwa nyumba ya watu wawili inakaa frijini mpaka inakuwa chumvi tu. Duka nalipatia nyota moja na nusu mpaka wahamishe lile shelfu. Mabinti wa Kilombero nyota tano bila kupunguza, ila nenda kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo za Mbulu zinakuwa zimeisha wamebaki na zile kubwa.